Bukavu: Siku kuu ya wazazi ya kwanza kwa mutoto na mama yake mupya

Hapa Congo, tarehe 1 Agosti ni siku kuu ya wazazi. Asubui watu wanaenda kusafisha makaburi ya wazazi waliokufa. Kisha watoto wanakulisha wale wangali wazima.

Mwaka 2024, mama mumoja wa komini ya Kadutu aliogopa siku hiyo. Mutoto mwenye alipokea, wa miaka tisa, ni yatima wa Nyamukubi, teritware ya Kalehe, kwenye mafuriko ya Mei 2023 yaliua watu zaidi ya 400. Wengi walizikwa pamoja, bila musalaba wenye jina. Mama akajiuliza: atamupeleka kwenye kaburi gani? Na akinyamaza, si ni kumuibia mutoto wazazi wake?

Sheria haiombe hivyo. Kodi ya jamaa, ya tarehe 1 Agosti 1987, inasema mutoto wa kupokelewa anabakia na kifungo na jamaa yake ya kwanza.

Asubui ile wakashuka wawili mpaka pembeni ya ziwa Kivu, wakaangalia upande wa Kalehe. Mutoto akataja majina ya baba na mama yake kwa sauti, akatupa maua ndani ya maji. Mama hakusema kitu.

Nyumbani wakapika bugali, sombe na sambaza. Mutoto akatwaa sahani ya kwanza, akaitoa kwa mikono mbili: «Siku kuu njema, mama.»

Mpaka siku ile alikuwa anamuita tantine.