Uhusika wa Askari Mshindani: Kutoka Katuni ya Kijapani hadi Al-Akida wa Ngomeni

Mojawapo ya maswali ambayo watahiniwa huyajibu kwa haraka na kupoteza alama nyingi ni lile linalomhusu mhusika mpinzani. Aghalabu mtahiniwa hukimbilia orodha: ni katili, ni msaliti, ana tamaa, ana kiburi. Kila sifa hupewa mfano mmoja, na jibu likaishia hapo. Makala haya yanashughulikia aina moja tu ya mhusika huyo, yaani askari mshindani mwenye tamaa ya makuu. Dai letu ni kwamba ushindani wake ni nafasi aliyowekwa katika msuko kabla haujawa tabia yake.

Kilichonisukuma kuandika ni insha ya mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu hapa Tononoka. Nilikuwa nimewataka wanafunzi wajadili mhusika mpinzani katika kazi yoyote waliyoisoma au kuitazama. Wengi walichagua vitabu teule. Huyu alichagua katuni ya Kijapani, mojawapo ya zile ziitwazo anime, aliyokuwa akiitazama kwenye simu ya kakake. Nilimpa alama nne kwa kumi. Baada ya kipindi alinijia akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, kwani hizi si ndizo sifa ulizotufundisha kuandika?" Nikaichukua insha nikaitazama tena. Alikuwa ameandika sifa saba, kila moja na mfano wake, vile vile nilivyomfundisha. Kosa lilikuwa langu.

Kazi aliyoichagua ni Mobile Suit Gundam, bunilizi ya kisayansi iliyoongozwa na Yoshiyuki Tomino na kuonyeshwa kwenye televisheni ya Japani mwaka 1979 na 1980 katika vipindi 43. Kuna vita baina ya Shirikisho la Dunia na watu wa koloni moja la angani lijiitalo Zeon. Sisi watazamaji tumepandishwa chombo cha upande wa Shirikisho pamoja na kijana Amuro Ray. Anayetuwinda kutoka nje ni afisa wa Zeon, Char Aznable, aliyejifunika uso kwa kinyago na kujulikana kwa rangi nyekundu ya mitambo yake ya vita. Mwanafunzi wangu alimwita mjanja, mwenye kisasi, mwenye tamaa ya cheo, msaliti wa rafiki. Yote ni kweli. Char humsukuma rafiki yake Garma Zabi, mwana wa nyumba inayoitawala Zeon, kwenye mdomo wa mizinga ya adui huku akijifanya anamsaidia.

Lakini msuko unatufichulia kidogo kidogo kwamba jina la Char si lake. Yeye ni mwana wa mwasisi wa Zeon, na aliingia katika jeshi la akina Zabi ili awaangamize, kwa imani kwamba ndio waliomuua babake. Dada yake yumo katika chombo kile kile tulichopanda sisi. Basi mtu huyu ana nafasi mbili kwa wakati mmoja. Kwa Amuro ni adui wa nje. Kwa mabwana zake ni mshindani wa ndani, tena wa hatari zaidi, kwa kuwa anavaa sare yao. Lau msimulizi angetupandisha chombo cha Char tangu kipindi cha kwanza, tungekuwa na hadithi ya mwana aliyepokonywa haki yake, na Amuro angekuwa kikwazo cha njiani. Sifa saba za mwanafunzi wangu zingebaki zile zile. Kilichobadilika ni mahali tulipoketi.

Hapa yafaa mwalimu atofautishe adui na mshindani, maana wanafunzi huyachanganya maneno haya. Katika Utenzi wa Tambuka wa Mwengo wa Athumani, uliotungwa Pate mwaka 1728, vita ni vya kambi mbili na bendera mbili. Anayepigwa ni adui. Mshindani naye hula sahani moja na mwenzake. Wana bwana mmoja, na huenda wana cheo kimoja. Kinachowatenganisha ni kwamba kiti ni kimoja na wao ni wawili.

Tamaa pekee haitoshi kumfanya mtu kuwa mpinzani. Macbeth ni askari mwenye tamaa ya makuu kuliko wengi tunaowasoma, na tangu Samuel Mushi alipoichapisha tafsiri yake, Makbeth, mwaka 1968, Mwafrika Mashariki anaweza kumsoma kwa Kiswahili. Anamuua mfalme aliyempandisha cheo na kumwangamiza askari mwenzake. Hata hivyo ni mhusika mkuu, kwa kuwa tunazijua fikira zake usiku asipolala. Kwa upande wa pili, tazama Kigogo ya Pauline Kea, tamthilia iliyotahiniwa hadi mwaka 2022. Kingi ni mkuu wa polisi wa Majoka. Anapoamriwa awapige raia risasi, anakataa. Kuasi amri ya mkubwa ni kosa kubwa katika jeshi lolote, lakini hakuna mtahiniwa aliyemwita Kingi msaliti, nami nisingempa alama kama angethubutu. Tumeketi upande wa Tunu, basi uasi wa Kingi tunauona kuwa uungwana.

Mwalimu wa Mombasa hana haja ya kwenda angani kutafuta mfano. Ukitoka Tononoka ukapitia Makadara, utafika Ngomeni, yaani Fort Jesus, kwa miguu. Humo ndimo alimokaa Muhammad bin Abdallah bin Mbarak Bakhashweni, ambaye Mombasa ilimwita kwa cheo chake tu: Al-Akida. Jina la mtu limemezwa na nafasi yake. Sijui ushahidi bora kuliko huo wa hoja ya makala haya.

Al-Akida alikuwa mkuu wa kikosi cha Sultani wa Unguja kilichoshika ngome. Mjini alikuwapo liwali, naye pia ni mtu wa Sultani. Mmoja ana mizinga, mwingine ana mamlaka juu ya watu, na bwana wao yuko ng'ambo ya bahari. Mpango kama huu humfaa mtawala aliye mbali, kwa sababu hakuna mtumishi mmoja anayeshika kila kitu. Lakini ndio huohuo unaozaa washindani. (Akina Zabi katika ile katuni nao wamegawana jeshi hivyo hivyo, kila ndugu na kikosi chake, na wanaishia kuuana wenyewe kwa wenyewe.) Mwanafunzi akiandika kwamba akida alikuwa na tamaa, mwulize: ni nani aliyempa ngome nzima kisha akamwekea mwenzake mlangoni?

Mwisho wa mambo unajulikana. Al-Akida alimwasi Sayyid Barghash akajifungia ngomeni. Januari 1875 manowari mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, ziliipiga ngome kwa mizinga kwa niaba ya Sultani, naye akasalimu amri.

Sasa mtazame huyo aliyeasiwa. Mwaka 1859 Barghash mwenyewe aliinuka dhidi ya nduguye, Sayyid Majid, akitaka kiti. Waingereza wakaingilia, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay. Majid alipofariki mwaka 1870, Barghash akaketi kwenye kiti kile kile. Mwaka 1873 Waingereza walimtishia kukizingira kisiwa chake kwa manowari hadi akatia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Miaka miwili baadaye manowari za taifa hilohilo zikamwondolea mshindani wake Mombasa. Leo wanafunzi wanamkumbuka Barghash kama mjenzi wa Beit al-Ajaib, na Al-Akida kama mwasi. Ukiweka orodha za sifa zao mbili kando kwa kando, zitafanana mno: wote wawili walikuwa na ujasiri, tamaa, subira ya kungoja wakati, na uasi kwa aliye juu yao. Mmoja alikipata kiti.

Kuna jambo jingine ambalo mwalimu wa fasihi asiliache, nalo ni usimulizi. Kisa cha Al-Akida kilitungiwa utenzi na Abdallah bin Masud bin Salim al-Mazrui. Mazrui ndio walioitawala Mombasa kutoka ngome hiyohiyo kwa takriban karne moja, hadi Sayyid Said, babake Barghash, alipowang'oa mwaka 1837. Nyimbo na mashairi ya wakati huo, pamoja na maisha ya Al-Akida, yakaja kukusanywa na Sheikh Mbarak Ali Hinawy katika kitabu kilichotoka mwaka 1950. Hinawy alikuwa Liwali wa Pwani. Yaani askari huyu amesimuliwa na mtu wa ukoo uliopokonywa ngome, kisha akahifadhiwa na mtu mwenye cheo cha liwali. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeketi mahali pa akida. Sisemi kwamba walimdhulumu. Bila wao tusingekuwa na la kusoma. Nasema mwanafunzi aufungue utenzi akiwa na swali: nafsi neni inamtazama mtu huyu kutoka wapi, na ina deni gani na ngome hii?

Napenda kutahadharisha. Wapo watahiniwa ambao wakishaonja hoja hii hugeuka mawakili. Kila mpinzani huwa ameonewa, kila mwasi huwa shujaa aliyefichwa. Hilo nalo ni kosa. Char anamuua rafiki aliyemwamini, na hakuna kinyago kinachoifuta damu hiyo. Vivyo hivyo ngome ya Mombasa haikusimama jangwani. Watu wa Mji wa Kale waliishi chini ya kuta zake, na wawili wanaposhindania kiti kwa mizinga, asiye na kiti ndiye huzika. Kueleza nafasi ya mhusika hakumwondolei lawama. Kunaonyesha lawama imegawanyika vipi, na fungu la aliyemweka hapo ni lipi.

Kwa mtahiniwa, jambo hili lina faida ya moja kwa moja. Swali la kawaida huwa na sehemu mbili, sifa za mhusika na umuhimu wake, na sehemu ya pili ndiyo wanayoimaliza kwa mistari mitatu. Anayejua nafasi ya mshindani hawezi kukosa la kusema hapo. Ataonyesha kwamba kwa kuwepo kwake tunaujua udhaifu wa mfumo uliompandisha cheo. Ataonyesha kwamba yeye ni kioo cha mhusika mkuu: Amuro anajifunza ukatili wa vita kwa kupigana na Char, na woga wa Majoka tunauona waziwazi pale Kingi anapokataa amri. Ataonyesha pia jinsi anavyousukuma msuko, maana mshindani wa ndani ndiye anayeweza kufungua lango ambalo adui wa nje hulipiga bure. Hata zile sifa zenyewe zitapata uzito. Badala ya "ana tamaa", ataandika kwamba ana tamaa ya kitu fulani, alichokiona kwa karibu kwa sababu ya cheo fulani, na kwamba fulani mwingine alikipata kwa njia hiyohiyo bila kulaumiwa.

Nilimrudishia yule kijana insha yake nikamwomba aiandike upya, safari hii akianza na kuuliza Char amewekwa wapi na nani. Aliniletea kurasa tatu siku ya Jumatatu. Sifa zilikuwa zimepungua hadi nne. Ukurasa mzima wa mwisho ulihusu akina Zabi, na chini kabisa, kwa kalamu tofauti, alikuwa ameongeza kwamba alikwenda Ngomeni Jumamosi na binamuye, wakasimama juu ya ukuta unaotazama bahari, na kwamba kutoka hapo mji wote unaonekana mdogo.

Nilimpa nane.