Uteuzi wa Programu Sahili ya Kunasa Sauti: Mfano wa Kiiraqw cha Masakta

Katika kunasa fasihi simulizi moja kwa moja kwa kompyuta mpakato, usahili wa programu haupimwi kwa uchache wa vitufe vyake, bali kwa jinsi inavyoiacha sauti bila kuigusa. Suala hili lina uzito wa pekee Masakta, mkoani Manyara, ambako Kiiraqw huzungumzwa. Lugha hii ya Kikushi ina toni, konsonanti za koromeo, na kikwamizi cha pembeni kinachoandikwa *sl*, kama katika *slufay*, utanzu wa maombi ambamo kiongozi hughani na hadhira humwitikia. Mkwaruzo wa sauti hiyo hukaribiana na mvumo wa upepo. Programu inayojitwalia kazi ya kuondoa kelele huweza kuufifisha pamoja na upepo wenyewe. Kwa mwanafonetiki, hasara hiyo haifidiki.

Praat, iliyoundwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, yafaa kwa orodha za maneno. Hata hivyo, kidirisha chake cha kunasia hutunza sauti katika kumbukumbu yenye kikomo. *Slufay* ndefu yaweza kukatwa katikati. Audacity, iliyotolewa kwanza mwaka 2000, huiandika sauti katika diski kadiri inavyoingia. Tena ni ya bure, jambo lisilo dogo kwa mwanafunzi wa uzamili.

Faili ihifadhiwe katika muundo wa WAV, sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 16: saa moja ya mkondo mmoja huchukua takriban megabaiti 346. MP3 hupunguza ukubwa kwa kutupa sehemu ya sauti, na kilichotupwa hakirudi. Vichujio vya kompyuta yenyewe navyo vizimwe kabla mzee hajaanza kughani.