Kontena Lisilobebwa na Lori

Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam hupita Nyakanazi, wilayani Biharamulo, kisha huelekea Rusumo, wilayani Ngara, ambako mto Kagera hutenganisha Tanzania na Rwanda. Tangu daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani vilipofunguliwa rasmi mwaka 2016, taratibu za nchi zote mbili hukamilishwa upande mmoja tu wa mto. Kazi hiyo hurahisishwa na kontena lenyewe: vipimo vyake hujulikana duniani kote, na mlango wake hufungwa kwa lakiri.

Wataalamu wa kompyuta waliazima jina hilo kwa sababu nzuri. Programu iliyofanya kazi vema kwa aliyeitunga mara nyingi hugoma katika kompyuta nyingine, kwa kuwa hutegemea programu ndogo ndogo nyingi, kila moja ya toleo lake. Dawa yake ni kuifungasha pamoja na vyote inavyovihitaji. Mfumo wa Unix wa mwaka 1979 ulikuwa tayari na njia ya kuizuilia programu katika sehemu moja ya diski. Mwaka 2008 Linux ikapata njia ya kuipimia kumbukumbu na muda wa kichakataji. Na mwaka 2013 Docker ikayafanya hayo kuwa mepesi kwa watu wengi. Hata lakiri ipo: kila nakala mama, yaani kifurushi ambacho kontena huanzishwa kutokana nacho, ina alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Herufi moja ikibadilishwa, alama hubadilika.

Hata hivyo, mfano huo una mpaka wake. Kontena la chuma hujitosheleza kwa kuta zake. Kontena la programu hutumia kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta iliyolipokea, na kwa kawaida kiini hicho ni cha Linux. Hapo ndipo mwanafunzi wa mafunzo ya siku mbili anapoweza kupoteza siku nzima. Kompyuta ya Windows au ya Apple hulazimika kuendesha Linux ndogo ndani yake, na kichakataji lazima kiruhusiwe kuiga mashine nyingine. Katika kompyuta nyingi za Windows ruhusa hiyo hutolewa katika mipangilio inayofunguliwa wakati kompyuta inapowashwa, na huenda ikawa imezimwa. Ikiwa kompyuta ni mali ya ofisi, nywila ya msimamizi huenda iko kwa mtu aliyebaki makao makuu. Mwalimu au afisa wa halmashauri anayesafiri kutoka Rusumo na aiombe kabla ya kupanda basi.

Jambo la pili ni mtandao. Nakala mama moja yaweza kufikia mamia ya megabaiti, na watu thelathini wakianza kuipakua saa tatu asubuhi kwa njia moja ya intaneti, somo litakwama. Heri mwendeshaji aipakue mapema, aihifadhi kama faili moja, na kuigawa kwa diski mweko. Achunguze pia aina ya kichakataji: nakala iliyotengenezewa Intel haifai moja kwa moja kwa kompyuta mpya za Apple. Umeme nao usisahaulike. Maporomoko ya Rusumo yana mitambo mitatu ya jumla ya megawati 80, inayogawanywa sawa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Lakini ujirani na mitambo haujazi betri.

Jaribio la mwisho ni jepesi. Intaneti ikatwe, kontena lianzishwe, na programu itoe jibu lililotarajiwa. Kisha kontena hilo lifutwe na kuanzishwa upya. Kazi yote iliyoandikwa ndani yake pekee itakuwa imepotea. Kwa hiyo folda ya matokeo huwekwa nje, katika diski ya kompyuta yenyewe, na kontena huelekezwa huko tangu mwanzo.