Nyota Mapacha Zisizoonekana kwa Macho

Usiku wa mwezi wa Novemba, mawingu ya mvua yakiachana kidogo, watoto wa Katanga huona nyota nyingi juu ya vichwa vyao. Katika upande ule wa mbingu, karibu na utosi, ziko nyota mbili ambazo hakuna mtoto awezaye kuziona, wala mzee, wala mwindaji mwenye macho makali. Lakini nyota hizo ni jirani za jua. Jina lao ni Luyten 726-8.

Mtu ataka kuuliza: nyota zisizoonekana zimejulikanaje? Tena, ni nani aliyezipima uzito?

Aliyezitambua ni Bwana Willem Luyten, mwenye elimu ya nyota, aliyezaliwa katika kisiwa cha Java mwaka wa 1899. Mwaka wa 1925 aliumia akicheza tenisi, akapoteza jicho moja. Hakuacha kazi yake kwa sababu hiyo. Toka mwaka wa 1928 mpaka 1930 alikaa Bloemfontein, katika Afrika ya Kusini, akipiga picha za mbingu kwa darubini, ndicho chombo cha kutazamia vitu vya mbali. Baadaye alifundisha katika chuo kikuu cha Minnesota, huko Marekani.

Kazi yake ilikuwa kulinganisha picha za upande mmoja wa mbingu, zilizopigwa katika miaka mbalimbali. Ndege arukaye karibu hupita upesi machoni. Arukaye mbali sana huonekana kama hasogei. Nyota ni vivyo hivyo. Mwaka wa 1948 Bwana Luyten aliona nyota hafifu iliyosogea sana kuliko nyingine. Basi ilikuwa karibu. Tena haikuwa nyota moja, bali mbili.

Lakini «karibu» ya nyota si karibu ya vijiji. Nuru hukimbia kilometa 300.000 kwa sekunde moja. Nuru ya jua hufika duniani kwa muda wa dakika 8 tu. Nuru ya nyota mapacha hizi husafiri karibu miaka 9. Mtoto aliyezaliwa siku nuru ile ilipoanza safari, siku ifikapo yeye amekwisha kuingia darasa la tatu.

Mbona hazionekani? Kwa sababu ni ndogo na zina moto hafifu. Upana wa kila moja ni karibu sehemu ya sita ya upana wa jua. Uso wa jua una joto la digri 5.500, nyota hizi zina digri 2.500 hivi, na rangi yao ni nyekundu. Jua ni kama moto wa kuni kavu. Nyota hizi ni kama kaa linalowaka chini ya majivu. Mwanga wa jua uonekanao kwa macho wapita mwanga wa kila moja zaidi ya mara 10.000.

Na uzito je? Hakuna mizani ya kupimia nyota. Lakini watoto wawili wakishikana mikono na kuzunguka, kila mmoja humvuta mwenzake. Mmoja akiwa mzito na mwingine mwepesi, mzito hukaa karibu mahali pamoja, na mwepesi huzunguka mbali. Wakiwa sawa, huzunguka sawasawa. Nyota hizi mbili huvutana hivyo, na kuzunguka kwao karibu ni sawasawa. Basi uzito wao karibu ni sawa.

Kujua jumla ya uzito kwataka hesabu. Johannes Kepler alitambua kanuni yake mwaka wa 1618, na Isaac Newton akaieleza vema zaidi mwaka wa 1687. Kipimo cha hesabu hii ni umbali wa dunia na jua. Nyota hizi hukaribiana mpaka vipimo 2 hivi, kisha huachana mpaka karibu vipimo 9. Umbali wao wa katikati ni 5,5. Hukamilisha mzunguko mmoja kwa miaka 26,5.

5,5 × 5,5 × 5,5 = 166 na zaidi kidogo.
26,5 × 26,5 = 702 na zaidi kidogo.
166 : 702 = 0,24 hivi.

Maana yake, nyota zote mbili pamoja zina karibu robo ya uzito wa jua. Kila moja ni sehemu ya nane. Hesabu ya shuleni imepima kitu ambacho jicho haliwezi kukiona!

Nyota hizi si za utulivu daima. Nguvu ya sumaku iliyo ndani yao hujisokota, kisha huachia ghafula, kama kamba iliyokazwa mno. Ndipo nyota hulipuka moto. Mwaka wa 1952 moja yao iliongeza mwanga wake mara 75 kwa sekunde 20 tu, kisha ikarudi kuwa hafifu.

Moto wao ni mdogo, lakini wadumu. Jua lenye kuwaka sana litakaa miaka miliari 10 hivi, na karibu nusu yake imekwisha kupita. Nyota ndogo nyekundu hutumia kuni zao kidogo kidogo, na zitaendelea kuwaka mamia ya miliari ya miaka. Ulimwengu wote una miaka karibu miliari 14 tu. Kwa hiyo tangu Mungu alipoumba ulimwengu, hakuna hata nyota moja ya namna hii iliyozimika kwa uzee.

Asiseme mtu: «Sikioni, basi hakipo.» Mwenye jicho moja aliziona nyota ambazo wenye macho mawili hawakuziona, kwa sababu alitazama kwa uangalifu, wala hakuchoka.

Maulizo

1. Bwana Luyten alitambuaje ya kuwa nyota hii iko karibu?
2. Kwa nini nyota hizi hazionekani kwa macho?
3. Fanya tena hesabu ya uzito katika daftari yako.
4. Kwa nini moto mdogo hudumu kuliko moto mkubwa?