Kigali Ilimchukua Mputu, Dar Ikamleta Samatta

Bwera ya Uganda imepakana na Kongo kiasi kwamba ukivuka daraja la Mpondwe umeshafika Kasindi. Soka inayobishaniwa huku basi haiishii Kampala wala Uingereza. Mtajie TP Mazembe mfanyabiashara aliyeshuka kutoka Beni, na bei ya vitenge itasubiri kwanza.

Watu wa Kasese nao wana undugu na klabu hiyo, hata kama hawakuwahi kuufikiria. Mazembe ni timu ya Lubumbashi, mji uliolelewa na shaba, kama Kasese ilivyolelewa na mgodi wa Kilembe tangu reli ilipoufikia mji mwaka 1956.

Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na watawa wa Kibenediktini. Mwaka 1967 na 1968, ikiitwa Englebert, ilitwaa ubingwa wa Afrika mara mbili mfululizo. Kisha ukaja ukame mrefu, zaidi ya miaka 40, hadi kombe liliporudi mwaka 2009 chini ya tajiri Moïse Katumbi.

Nyota wa kikosi hicho alikuwa Trésor Mputu, aliyechaguliwa mchezaji bora wa 2009 miongoni mwa wanaocheza barani Afrika. Mwaka uliofuata Mazembe ilikwenda Kigali kucheza Kombe la Kagame, mashindano ambayo kwa klabu ya hadhi yake yalikuwa kama mazoezi tu. Katika mechi na APR ya Rwanda, Mputu alimvamia mwamuzi. FIFA ikamfungia mwaka mzima.

Ndiyo maana msimu mtamu kuliko yote katika historia ya klabu hiyo ulimalizika bila mchezaji wake mkubwa kuliko wote.

Fainali ya Afrika ya 2010 iliamuliwa mapema: Espérance ya Tunisia ilichapwa 5-0 Lubumbashi, na sare ya 1-1 ya marudiano haikuwa na maana tena. Desemba, huko Abu Dhabi, kikosi cha kocha Msenegali Lamine N'Diaye kikaiondoa Pachuca ya Mexico kwa bao 1-0, kisha Internacional, mabingwa wa Amerika Kusini, kwa 2-0. Mulota Kabangu alifunga la kwanza, Dioko Kaluyituka la pili. Kipa Robert Kidiaba akaketi nyasini, miguu ameinyoosha mbele, akaanza kurukaruka kwa makalio kama mpira uliodundishwa, nywele za rasta zikicheza utosini. Haikuwahi kutokea timu isiyo ya Ulaya wala Amerika Kusini kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Inter Milan ya Samuel Eto'o ilishinda fainali hiyo 3-0, lakini nani anaisimulia?

Mwaka 2011, katika Ligi ya Mabingwa, Mazembe ilikutana na Simba ya Dar es Salaam na kuitoa, nyumbani na ugenini. Simba ikakata rufaa kwamba beki Janvier Besala Bokungu hakuwa halali kuchezeshwa, na mabingwa watetezi wakang'olewa mezani. Katumbi angeweza kununa. Badala yake alifungua pochi, akawanunua wawili kutoka Simba hiyohiyo: Mganda Patrick Ochan na kijana wa Kitanzania, Mbwana Samatta.

Ochan hakutamba sana. Samatta ndiye aliyelipa deni lote. Mwaka 2015 alimaliza Ligi ya Mabingwa na mabao 7, akifunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger, 2-1 Algiers na 2-0 Lubumbashi. Januari 2016, mjini Abuja, akatangazwa mchezaji bora miongoni mwa wanaocheza Afrika, na aliyeshika nafasi ya pili alikuwa Kidiaba, mwenzake wa chumba kimoja cha kubadilishia nguo. Mwezi huohuo akahamia Genk ya Ubelgiji.

Bila yeye Mazembe ilitwaa Kombe la Shirikisho mwaka 2016 na 2017. La mabingwa halijarudi Lubumbashi tangu aondoke.