Kabla ya kugawa mirathi, muulizeni mjane kilicho chake

Siku ya tatu baada ya maziko, hitima ikiwa imekwisha na turubai halijashushwa, ukoo wa marhum mmoja, jirani wa msikiti wetu, ulikaa kikao. Kwa nafasi yangu ya ukatibu wa kamati ya msikiti, niliombwa kuandika muhtasari. Mdogo wake marhum aliteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Ikaorodheshwa nyumba, duka la vitambaa na pikipiki, nami nikaviandika vyote chini ya kichwa kimoja: mali ya marehemu. Wazee wakatia saini, nikagonga muhuri, tukaomba dua, tukatawanyika. Mjane alikuwa chumbani, kizukani. Hakuna aliyebisha hodi kumwuliza neno.

Wiki mbili baadaye mama yake mzazi alikuja ofisini na daftari la kikoba. Ndani yake mlikuwa na mikopo mitatu ambayo binti yake aliichukua na kuirejesha kwa fedha za maandazi na ushonaji. Mmoja ulinunua bati za nyumba, wa pili ulimalizia milango na choo, wa tatu ulikuwa mtaji wa duka. Hati ya kiwanja ilikuwa na jina la mume peke yake. Mama yule aliniuliza swali moja: "Mwanangu, hivi vyote mlivyoandika ni vya mkwe wangu?"

Sikuwa na jibu. Elimu ya faraidh nimeisoma chuoni, na mafungu ya warithi nayajua kwa moyo. Lakini nilikuwa nimeruka hatua inayotangulia mafungu yote, nayo ni kujua kwanza kipi ni cha marehemu.

Mirathi huanza kwa kutenganisha

Ndugu Waislamu, Uislamu haukumfanya mke kuwa sehemu ya mali ya mumewe, wala haukuchanganya mali zao kwa sababu ya ndoa. Mahari ni yake, kipato chake ni chake, alichorithi kwa wazazi wake ni chake. Mume akifa, mali ya mke hairithiwi, kwa kuwa mwenyewe yu hai.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo haipingani na msingi huo. Kwa mujibu wake, ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali. Kifungu cha 60 kinaeleza kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja wa wanandoa itachukuliwa kuwa ni yake, mpaka uletwe ushahidi wa kinyume chake. Ikiandikwa kwa majina ya wote wawili, itachukuliwa kuwa wanaimiliki kwa usawa. Basi wanandoa wanaojenga pamoja waandike majina yote mawili, au waandikishiane mchango wa kila mmoja mbele ya mashahidi. Kufanya hivyo si kutiliana shaka. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikishana madeni.

Baada ya kutenganisha, hufuata gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja, ndipo warithi wapewe mafungu yao. Miongoni mwa madeni ni mahari ambayo mume hakuyalipa. Wajane wengi huona haya kuyataja, ilhali ni haki kama deni la duka.

Tuchukue mfano

Mwanamume amefariki na kuacha mke, mama, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Mali iliyokuwa mikononi mwake ina thamani ya shilingi milioni 110. Ushahidi ukionyesha kwamba milioni 14 ni za mke, hizo hutolewa kwanza. Zinabaki milioni 96. Maziko, madeni na mahari yasiyolipwa yakichukua milioni 12, na wasia usiwepo, mirathi ni milioni 84.

Mke hupata thumni, yaani milioni 10 na nusu. Mama hupata sudusi, milioni 14. Milioni 59 na nusu zinazobaki ni za watoto, mwanamume fungu mara mbili ya mwanamke: kila mvulana milioni 17, kila msichana milioni 8 na nusu. Ndugu wa marehemu hapa hawana fungu, hata kama mmoja wao ndiye msimamizi. Msimamizi ni mwenye amana. Usimamizi haumfanyi mrithi.

Nyumba ya eda

Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na mwenye mimba hukaa mpaka ajifungue. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Furay'a bint Malik, aliyefiwa na mumewe, abaki katika nyumba yake mpaka eda iishe. Wanaodai ufunguo kabla ya eda kumalizika, wakisema nyumba ni ya kaka yao, wajiulize wanamfuata nani katika hilo.

Wasia hautatui kila jambo, ila huzuia mengi

Ibn Umar (r.a.) amepokea kwa Mtume (s.a.w.) kwamba Muislamu mwenye jambo la kuusia hapaswi kulala mausiku mawili ila wasia wake uwe umeandikwa kwake. Wengi wetu tumelala miaka.

Wasia una mipaka miwili mashuhuri. Wa kwanza ni theluthi, kama Mtume (s.a.w.) alivyomwelekeza Sa'd bin Abi Waqqas. Wa pili ni kwamba mrithi hausiwi, isipokuwa warithi wengine wakiridhia. Basi wasia ni kwa ajili ya nani? Ni kwa mjukuu aliyefiwa na baba, ambaye ami zake humzuia asirithi. Ni kwa mtoto wa kulea, na kwa mama au ndugu asiye Muislamu, ambaye harithi lakini anaweza kuusiwa. Ni kwa msikiti na madrasa pia.

Wasia huo huo uorodheshe madeni yako, mali zako, mali za wengine zilizo mikononi mwako, na mali za mkeo. Utaje pia kwamba mirathi yako igawiwe kwa sheria ya Kiislamu. Tanzania Bara mahakama hukutana na sheria ya Kiislamu, sheria za mila na sheria za serikali, na ndugu wakihitilafiana ni lazima ithibitike marehemu alifuata ipi. Katika sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963, mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Usimwachie mkeo mzigo wa kuthibitisha mahakamani kwamba ulikuwa ukiswali. Uandike mbele ya mashahidi wawili waadilifu wasio warithi, na uuhifadhi mahali panapojulikana. RITA nayo hupokea wosia na kuutunza.

Mahakamani

Zanzibar na Kenya zina mahakama za kadhi zinazotambuliwa na dola. Tanzania Bara, mirathi ya Kiislamu hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Huhitajika cheti cha kifo, na kwa kawaida muhtasari wa kikao cha familia. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na mjane ana haki ya kupinga kama mtu mwingine yeyote. Msimamizi akishateuliwa, anatakiwa ndani ya miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo, isipokuwa mahakama ikimwongezea muda. Masheikh watatusaidia kukokotoa mafungu, lakini amri inayotambulika benki na ofisi ya ardhi ni ya mahakama.

Muhtasari wa pili

Tuliitisha kikao tena. Niliwaeleza wazee kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu, maana karatasi yenye muhuri wa msikiti iliyataja ya mtu aliye hai kuwa ni mirathi. Mdogo wake marhum alinuna, akauliza kwa nini mambo hayo hayakusemwa siku ya tatu. Babu yao akamjibu: "Nani alimwuliza?" Daftari likasomwa, viongozi wa kikoba wakashuhudia. Duka likaondolewa katika orodha. Mchango wa mjane katika nyumba ukakadiriwa na fundi na kuwekwa kando kabla ya kugawa. Muhtasari wa kwanza haukuwa umefika mahakamani bado; tuliufuta, tukapeleka wa pili.

Tangu hapo, kikao cha mirathi kikiombwa msikitini kwetu, ajenda ya kwanza haihusu msimamizi. Tunamtuma mama mmoja wa kamati aingie ndani kwa mjane, na kumwuliza kipi ni chake na anadai nini. Jibu lake huandikwa kabla ya jambo jingine lolote, na hapo ndipo muhuri hutolewa kabatini.

Wallahu a'lam.