Maji Yachemkayo Chini ya Rwenzori

Msafiri atokaye Fort Portal kwenda Bundibugyo, akiisha kuizunguka ncha ya kaskazini ya milima ya Rwenzori na kuanza kuteremka kwa barabara ile yenye mapindi mengi, huliona bonde la mto Semliki limetandazwa chini yake, na ng'ambo ya bonde misitu ya Kongo ambayo jicho haliwezi kuufikia mwisho wake. Mteremko ni mkali, na hewa hubadilika upesi: baridi ya milimani huachwa nyuma, na mahali pake huja fukuto la msitu wa bondeni, ulio mwendelezo wa msitu mkuu wa Ituri, ambao kipande chake kilicho upande wa Uganda, chenye eneo la kilomita za mraba 220, kilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Semuliki mwaka 1993. Hapo, mahali paitwapo Sempaya, penye mwinuko wa mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari, ndipo yanapotoka maji ya moto ambayo ndiyo makusudio ya makala haya.

Chemchemi ni nyingi, lakini wenyeji huwaonyesha wageni mbili hasa, moja wakiiita ya kike na nyingine ya kiume. Ya kike i karibu zaidi, na njia ya kuifikia hupita chini ya miti mirefu ambamo hondohondo husikika kabla hawajaonekana. Maji yake hububujika na kuruka juu kwa nguvu kutoka katika kichuguu cha mawe ya chokaa ambacho maji hayo hayo yamejijengea, tabaka juu ya tabaka. Ya kiume ni ziwa dogo lililozungukwa na kinamasi, na mtu hulifikia kwa kukanyaga daraja la mbao. Wageni aghalabu huja na mayai mabichi, wakayatumbukiza katika vijito vya moto vya chemchemi ya kike, wakayala papo hapo yakiwa yameiva. Na harufu ya salfa iliyoenea mahali pote, ambayo yenyewe yafanana na ya yai viza, haielekei kumpunguzia mtu hamu ya kula.

Wamaga, ambao ndio wenye mahali hapa kwa asili, husimulia habari ya mtu aliyetokea msituni, akapokewa kijijini na kuozwa mke, kisha siku moja akatoka kwenda kuwinda asirudi tena. Walipomtafuta walikuta mkuki wake na vazi lake kando ya maji yachemkayo, na mkewe, alipotoka naye kumtafuta mumewe, akapotea vivyo hivyo penye chemchemi ya pili. Ndiyo sababu ya majina ya kike na kiume, na ndiyo sababu ya matambiko yanayofanywa hapo. Mwenye kuitazama hadithi hii kwa jicho la dharau atakuwa amekosa insafu, kwa maana ndani yake mna onyo la kweli kabisa: ukoko wa mawe na udongo unaozizunguka chemchemi hizi ni mwembamba, na yaliyo chini yake ni maji yawezayo kumwondoa mtu nyama mifupani.

Tuje sasa kwenye joto lenyewe. Mgeni huambiwa mara nyingi kwamba maji ya Sempaya yana joto lipitalo digrii 100 za Selsiasi, na wengine hutaja 103 au zaidi. Lakini maneno haya, ingawa yanapendeza masikioni, yanahitaji kupimwa kwa mizani ya elimu. Maji huchemka kwa digrii 100 pale tu ambapo hewa inayagandamiza kwa uzito wake wote, yaani pwani, kwenye usawa wa bahari. Na kila mtu apandapo mita 300 hivi, hewa iliyo juu yake hupungua, na kiwango cha kuchemka hushuka kwa karibu digrii moja. Kwa hiyo katika mwinuko wa Sempaya maji yaliyo wazi huchemka kwa digrii zisizofika 98, au 98 kamili tukiyahesabia na chumvi yaliyonayo, na vipimo vya wanajiolojia vilivyofanywa kwa uangalifu vimeonyesha nambari iyo hiyo. Hili haliipunguzii chemchemi heshima hata kidogo. Kinyume chake, lina maana kwamba maji hufika juu ya ardhi yakiwa katika ukomo wa joto ambalo hewa ya hapo inayaruhusu kuwa nalo, na kwamba huko yatokako yana joto kubwa zaidi, lililozuiwa lisigeuke mvuke kwa sababu ya uzito wa maji mengine yaliyo juu yake. Kina cha mita 10 tu chatosha kuyafanya maji yasichemke mpaka yafike digrii 120. Basi yapandapo, mgandamizo hupungua hatua kwa hatua, na yakaribiapo juu sehemu yake hugeuka mvuke kwa ghafula. Mvuke huo, pamoja na gesi ya kaboni iliyoyeyuka ndani yake, ndio uyarushao maji ya chemchemi ya kike.

Joto hilo latoka wapi? Watu wengi, wasikiapo maji ya moto, hudhani kuna volkano, na dhana hiyo ina msingi katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki. Lakini Rwenzori si volkano kama Kilimanjaro au mlima Kenya. Ni pande la mawe ya kale sana lililoinuliwa na nguvu zile zile zilizolididimiza Bonde la Ufa la Magharibi pembeni mwake, likapanda mpaka kilele chake cha Margherita kikafika mita 5,109, chenye barafu ingawa kimekaribia mstari wa Ikweta. Kati ya pande lililopanda na bonde lililoshuka pana ufa mkubwa katika gamba la dunia, na Sempaya iko juu ya ufa huo, chini kabisa ya mguu wa mlima. Ufa haujalala. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko kubwa liliipiga nchi hii ya Bwamba na Toro, likaua watu zaidi ya mia moja na kubomoa maelfu ya nyumba.

Mvua inyeshayo kwenye miteremko ya juu ya Rwenzori, nayo ni mvua nyingi mno, si yote itiririkayo mitoni. Baadhi yake hupenya katika nyufa za mawe na kushuka kwa muda mrefu, na kwa kila kilomita moja ishukayo ardhi huongeza joto kwa digrii 25 mpaka 30 kwa kawaida, na katika nchi ya bonde la ufa huweza kuzidi hapo. Baada ya kilomita kadhaa maji yamekuwa ya moto, na kwa kuwa maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, hupata njia ya kurudi juu kwa kuufuata ule ufa. Wataalamu wakadiriao joto la chini kwa kuchunguza madini yaliyoyeyuka majini wamelihesabu kuwa kati ya digrii 120 na 150.

Ningependa kuishia hapo, kwa kuwa maelezo haya ni mepesi na yanaridhisha, lakini maumbile hayakuumbwa ili kumridhisha mwandishi. Gesi zinazopanda pamoja na maji zilipochunguzwa, ilionekana heliamu ya aina ile nyepesi kwa kiasi ambacho mawe ya gamba la dunia peke yake hayawezi kukitoa, kwani heliamu izaliwayo ndani ya mawe hayo, kutokana na kuoza kwa urani, ni ya aina nzito. Ile nyepesi ni bakia ya tangu kuumbwa kwa dunia, na hutoka katika tabaka la chini ya gamba. Yamkini basi chini ya bonde mna mawe yaliyoyeyuka ambayo hayajawahi kutoka nje, na joto lake limeongezwa juu ya lile la kawaida. Visima vichache vilivyochimbwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1950 havikufika mbali kiasi cha kulikata shauri hilo.

Safari hiyo ya chini huyabebesha maji mzigo mkubwa wa chumvi, gramu zaidi ya 10 katika kila lita, na kwa hiyo hayafai kunywewa. Katika nchi hiyo hiyo ya Uganda, huko Kibiro kando ya ziwa Albert, wanawake wametumia chemchemi ya namna hii tangu zamani kutengenezea chumvi ya kuuza. Na Kitagata, katika nchi ya Ankole, watu huoga wakitafuta shifaa. Sempaya hapaogwi, wala mwenye akili timamu hatajaribu.

Wapo hata hivyo viumbe wasiougua kwa joto hilo. Mwenye kuufuata mkondo wa maji kutoka kwenye jicho la chemchemi ataona kwamba rangi ya kijani haitokei karibu na jicho bali mbali kidogo, maji yanapokuwa yamepoa. Na sababu yake ni kwamba hakuna kiumbe kijulikanacho kiwezacho kujilisha kwa mwanga wa jua katika joto lipitalo digrii 73 hivi. Juu ya hapo huishi bakteria wa namna nyingine, wasio na haja ya jua. Mmoja wa jamaa zao, aliyepatikana Yellowstone huko Marekani na kutangazwa mwaka 1969 na Thomas Brock na Hudson Freeze kwa jina la Thermus aquaticus, ndiye aliyetoa kimeng'enya kisichoharibika kwa moto, ambacho kilikamilisha ufundi uliobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983 wa kuzidisha vinasaba mara mamilioni, nao leo hutumika katika maabara za hospitali na mahakama duniani kote. Mullis alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1993; bakteria hakupewa kitu.

Atakaye kuizuru Sempaya na afike mapema asubuhi. Mvuke halisi hauonekani kwa macho. Kile kiitwacho mvuke ni vitone vidogo vya maji vilivyotokea mvuke ulipokutana na hewa ya baridi, na kwa sababu hiyo alfajiri ziwa la kiume hufunikwa na wingu zito lisilopenyeka, ilhali adhuhuri, maji yakiwa na joto lile lile lisilopungua wala kuzidi, mtu huweza kuliona mpaka ukingo wake wa pili.